Kooni Mna Njia Mbili

Mtoto mdogo hujifunza dunia kwa kinywa. Kabla hajajua kusema wala kutembea, kila akionacho hukishika, na kila akishikacho hukitia kinywani. Kijiwe, kishikizo, kipande cha mkaa, punje ya mahindi, shanga iliyokatika uzi, sarafu iliyodondoka mfukoni mwa baba: vyote kwake ni sawa na chakula. Huo si utundu wala si ulafi. Ni tabia ya umri wake. Huanza hivyo apatapo miezi sita, na hata afikapo miaka mitatu bado hajaacha. Kwa sababu hiyo, katika nchi zote za dunia, walio wengi miongoni mwa wanaomeza vitu visivyofaa ni watoto wa umri huo.

Katika mji wa Mwanza na vijiji vilivyo kando ya Ziwa Victoria, hatari hii ina sura yake. Mialoni samaki huparuliwa magamba, dagaa huanikwa, nyavu hushonwa, na ndoano hufungwa kambani. Na watoto wachanga huketi papo hapo karibu na mama zao. Nyumbani karanga humenywa ukumbini, na chache huanguka mkekani. Tena wazazi wakiwa kazini, mtoto mchanga huachwa mikononi mwa ndugu yake mkubwa, ambaye mara nyingi ni mwanafunzi wa darasa la nne au la tano. Basi jambo hili si la madaktari peke yao. Ni la kila mtoto mkubwa aliyepata kuambiwa, "Mwangalie mdogo wako mpaka nirudi."

1. Mlango mmoja, njia mbili

Nyuma ya ulimi mna mlango mmoja, lakini ndani ya mlango huo mna njia mbili. Njia ya mbele ni ya pumzi. Mtu akipapasa shingo yake kwa mbele ataisikia: ni bomba gumu, lenye pete pete. Bomba hilo hushuka kifuani, kisha hugawanyika matawi mawili, moja la pafu la kulia na moja la pafu la kushoto. Njia ya nyuma ni ya chakula, nayo huitwa umio. Umio ni laini kama mfuko mtupu. Hufunguka tonge linapopita, na hufumba likiisha kupita.

Muumba ameweka kifuniko kidogo juu ya njia ya pumzi. Mtu amezapo, koo hupanda juu, na kifuniko hicho huinama na kuiziba njia ya pumzi, ili chakula kipite nyuma. Kila mtu aweza kulihakikisha jambo hili: aweke kidole juu ya koo lake, ameze mate, naye atasikia koo likipanda na kushuka. Ndiyo maana hakuna mtu awezaye kumeza na kuvuta pumzi kwa wakati mmoja.

Walakini mtoto anapocheka, au kulia, au kukimbia huku ana karanga kinywani, huvuta pumzi kwa ghafula. Mlango wa pumzi u wazi, na karanga huifuata hewa iingiayo. Mkubwa hupatwa na jambo hilo mara chache, lakini mtoto hupatwa nalo mara nyingi, kwa sababu tatu. Kwanza, mtoto wa mwaka mmoja hana magego. Huuma kwa meno ya mbele, lakini hawezi kusaga. Pili, njia yake ya pumzi ni nyembamba. Upana wake hukaribia unene wa kidole chake mwenyewe cha mwisho. Tatu, kikohozi chake hakina nguvu ya kukitupa nje kitu kilichoingia.

Kitu kikishapita mlangoni, swali la kwanza ni moja tu: kimeshika njia ipi? Jibu la swali hilo ndilo litakaloonyesha kama kuna nafasi ya kungoja au hakuna.

2. Kitu kikishika njia ya chakula

Mtoto aliyemeza kitu kwa njia ya chakula hupumua vema. Pengine halalamiki hata kidogo. Kitu kikikwama katika umio, hutokwa na mate mengi, hukataa kula, hutapika, au hushika shingo na kifua akilia. Mahali pa kukwama mara nyingi ni juu kabisa, pale umio unapoanzia, kwa maana hapo ni pembamba kuliko penginepo.

Kitu kikishuka mpaka tumboni bila kukwama, mara nyingi safari iliyobaki huwa nyepesi. Katika kila watoto 100 waliomeza vitu, 80 au 90 hupona pasipo kufanyiwa lolote: kitu hupita matumboni na kutoka pamoja na choo, baada ya siku chache au wiki moja au zaidi. Wachache huhitaji kutolewa kwa chombo, na mmoja tu, au pungufu, hupasuliwa. Sarafu, kijiwe kilaini na kishikizo huwa katika vitu vipitavyo hivyo.

Hata hivyo haifai watu wa nyumbani waamue wenyewe kuwa kitu kimekwisha pita. Mtoto apelekwe akapimwe. Daktari akiisha kuona kuwa sarafu imo tumboni, atawaambia warudi nyumbani, mtoto ale chakula chake cha kila siku, na choo chake kitazamwe. Asinyweshwe dawa ya kuharisha, kwa maana dawa hiyo haiharakishi sarafu, bali humdhoofisha mtoto. Akianza kutapika, au tumbo likivimba na kuuma, au choo kikiwa na damu au kuwa cheusi kama lami, arudishwe hospitali siku ile ile.

3. Kitu kikishika njia ya pumzi

Njia ya pumzi haisamehe. Dalili yake ya kwanza huja kwa ghafula: mtoto aliyekuwa akicheza vizuri hupaliwa, hukohoa kwa nguvu, macho humtoka, na pumzi yake hulia kama filimbi. Kitu kikiziba njia yote, sauti hukatika kabisa. Hakohoi, halii, midomo hugeuka rangi, na baada ya dakika chache hufa asiposaidiwa.

Lakini kuna namna ya pili, ambayo huwadanganya watu wengi. Kitu kikiwa kidogo, hupita koo na kushuka katika tawi moja la pafu. Mara nyingi huwa tawi la kulia, kwa kuwa hilo ni pana na limenyoka kuliko la kushoto. Hapo kikohozi hutulia. Mtoto hurudi kucheza, na watu husema, "Ashukuriwe Mungu, kimetoka." Kumbe hakikutoka. Karanga iliyolala ndani hunywa maji ya mwili na kuvimba, na mafuta yake huyachoma mapafu. Baada ya siku kadhaa, au wiki kadhaa, kikohozi hurudi pamoja na homa. Mtoto hupewa dawa ya kifua, hupata nafuu kidogo, kisha huugua tena.

Katika sehemu nyingi za Tanzania, kikohozi kama hicho kisichokwisha hudhaniwa kuwa kimeletwa na kimeo, yaani kile kinyama kidogo kining'iniacho nyuma ya kinywa, ambacho wengine hukiita kilimi. Mtoto hupelekwa kwa mkata vimeo, naye hukikata kwa kisu au kwa wembe. Damu nyingi hutoka, na kidonda chaweza kuoza. Na baada ya maumivu yote hayo karanga ingali palepale kifuani. Kimeo hakina kosa. Kosa ni la kusahau siku ile mtoto alipopaliwa.

4. Msaada wa kwanza kwa mtoto aliyepaliwa

Mtoto anayekohoa kwa sauti aachwe akohoe, na mlezi akae karibu naye. Kikohozi chake ndicho dawa iliyo bora kupita zote, na kumpigapiga wakati huo kwaweza kukisogeza kitu mahali pabaya. Lakini ikiwa hawezi kukohoa, wala kulia, wala kupumua, mlezi apige kelele kuita watu, kisha aanze kazi mara moja.

Mtoto asiyetimiza mwaka mmoja alazwe kifudifudi juu ya mkono wa mlezi, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, na taya lake lishikwe lisiinamie koo. Apigwe mapigo 5 katikati ya mabega, kwa sehemu ngumu ya kiganja iliyo karibu na kifundo cha mkono. Kitu kisipotoka, ageuzwe chali, kichwa kikiwa bado chini, na kifua chake kibonyezwe kwa vidole viwili mara 5, katikati, chini kidogo ya usawa wa chuchu. Kisha mapigo ya mgongo yaanze tena. Mtoto wa umri huo asibonyezwe tumbo, maana ini lake laweza kuumia.

Mtoto aliyepita mwaka mmoja ainamishwe mbele, apigwe mgongoni vivyo hivyo mara 5. Kitu kisipotoka, mlezi apige magoti nyuma yake na kumzungushia mikono. Akunje ngumi moja na kuiweka juu ya kitovu, chini ya mbavu. Aishike ngumi hiyo kwa mkono wa pili, na kuivuta ndani na juu kwa nguvu mara 5. Hewa iliyomo mapafuni husukumwa, nayo hukitupa kitu nje, kama kizibo kirukavyo katika chupa. Njia hii ya kubonyeza tumbo ilielezwa mwaka 1974 na daktari wa Marekani, Henry Heimlich, na tangu hapo imefundishwa katika nchi nyingi.

Mlezi aendelee kwa zamu, mapigo 5 na mabonyezo 5, mpaka kitu kitoke au msaada ufike. Mtoto akizimia, alazwe chini mahali pagumu, na yule aliyefundishwa kubonyeza kifua na kupuliza pumzi kinywani aanze kufanya hivyo, huku wengine wakitafuta chombo cha kumpeleka hospitali. Kinywa kitazamwe, kitu kikionekana wazi, kitolewe. Kisipoonekana, kidole kisitiwe kutafuta gizani, kwa kuwa hukisukuma ndani zaidi. Na mtoto aliyebonyezwa tumbo, hata akipona, aonwe na daktari.

5. Vitu ambavyo havingoji

Viko vitu ambavyo, hata vikishika njia ya chakula, havina ruhusa ya kungojwa.

Cha kwanza ni betri ndogo ya mviringo, mfano wa kishikizo, itumikayo katika saa, katika mizani midogo, na katika vitu vya kuchezea vyenye taa au sauti. Kwa macho hufanana na sarafu. Lakini ikikwama katika umio, mate huiunganisha na nyama ya mwili, umeme wake hupita, na mahali hapo hutokea maji makali kama ya magadi, yanayounguza nyama. Katika muda wa saa 2 tu yaweza kufanya kidonda kikubwa, na baadaye kidonda hicho chaweza kutoboka. Hata betri iliyokwisha nguvu ya kuwasha taa bado ina umeme wa kutosha kuunguza. Mtoto huyo apelekwe hospitali pasipo kukawia hata kidogo. Madaktari wa siku hizi hushauri kwamba, akiwa amepita mwaka mmoja na aweza kumeza, apewe njiani vijiko viwili vidogo vya asali kila baada ya dakika 10, isizidi mara 6, kwa kuwa asali hupunguza ukali wa yale maji. Lakini mtu asikawie kwa kutafuta asali. Aliye nayo ampe, asiye nayo aondoke.

Cha pili ni sumaku. Sumaku moja yaweza kupita yenyewe. Lakini mbili zikimezwa, huvutana zikiwa katika sehemu mbili za utumbo, hubana nyama iliyo katikati, na kuitoboa.

Cha tatu ni vitu vyenye ncha: pini, sindano, kipande cha kioo, na hasa kando ya ziwa, ndoano na miiba ya samaki. Mwiba wa sato au wa sangara hukwama mara nyingi kooni, nao huchoma kila mtu amezapo mate. Ndoano ni mbaya zaidi. Mtoto akimeza ndoano ambayo kamba yake ingali inaning'inia kinywani, kamba isivutwe kabisa, maana kila avutaye huizamisha ncha nyamani. Kamba ifungwe shavuni isiteleze, mtoto atulizwe, na aende hospitali vivyo hivyo.

6. Dawa zisizo dawa

Mwiba ukikwama, wengi humpa mtu donge kubwa la ugali, au kipande cha kiazi, au ndizi mbivu, alimeze bila kutafuna. Wakati mwingine mwiba mdogo hushuka, na watu husifu ugali. Lakini mwiba mgumu husukumwa ukaingia zaidi katika nyama, na umio waweza kutoboka. Kisha tonge lenyewe hukaa juu ya mwiba, na daktari hushindwa kuona mahali ulipo.

Wengine hutia kidole kooni ili mtoto atapike. Hilo nalo ni kosa: kitu kilichokuwa katika njia ya chakula chaweza kurudi juu na kuangukia njia ya pumzi. Wengine humshika mtoto miguu na kumning'iniza kichwa chini, au humnywesha maziwa au mafuta. Yote hayo hupoteza wakati. Mtoto aendaye hospitali kwa ajili ya kitu kilichokwama asipewe chakula wala kinywaji, ila ile asali ya betri, kwa maana pengine atapewa dawa ya usingizi, na dawa hiyo ni salama zaidi tumbo likiwa tupu.

7. Kazi ya hospitali

Zamani kitu kilichoingia pafuni hakikuwa na dawa. Mwaka 1895 mtaalamu wa Ujerumani, Wilhelm Röntgen, alivumbua mianzi ya eksirei, ambayo huonyesha mifupa na madini ndani ya mwili. Miaka miwili baadaye, mwaka 1897, daktari Gustav Killian wa mji wa Freiburg alitia bomba katika njia ya pumzi ya mkulima mmoja na kumtoa kipande cha mfupa wa nguruwe. Baada yake Chevalier Jackson, daktari wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1865 na kufa mwaka 1958, alitengeneza mabomba membamba yenye taa na makoleo madogo ya kushikia vitu. Vitu alivyovitoa makooni na vifuani mwa watu, zaidi ya 2,000, vimehifadhiwa mpaka leo katika jumba la makumbusho la Mütter mjini Philadelphia: pini, sarafu, vishikizo, mifupa, na vitu vya kuchezea.

Kazi hiyo hiyo hufanywa Mwanza. Juu ya kilima cha Bugando ipo hospitali kubwa iliyofunguliwa mwaka 1971, ambayo hupokea wagonjwa wa Kanda yote ya Ziwa. Mwaka 2011 madaktari wake walichapisha habari za wagonjwa 98 waliokuwa na vitu katika njia ya pumzi au ya chakula. Walio wengi walikuwa watoto wa miaka miwili au chini yake. Katika njia ya pumzi, kitu kilichozidi vyote kilikuwa karanga. Katika njia ya chakula, kilikuwa sarafu. Kwa wengi wao dawa ilikuwa moja: kulazwa kwa dawa ya usingizi, kutiwa bomba, na kutolewa kitu kwa koleo. Karibu tisa katika kila kumi walitolewa vitu hivyo pasipo madhara. Lakini wanne katika wale 98 walikufa. Karanga huuzwa kwa bei ndogo, lakini yaweza kugharimu roho ya mtu.

Njia ya kufika huko si sawa kwa wote. Kwa miaka mingi watu wa Sengerema na Geita waliokwenda Mwanza kwa njia ya Busisi walingoja kivuko, hata wakiwa na mgonjwa mahututi. Mwaka 2025 lilifunguliwa daraja la kutoka Kigongo mpaka Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, na sasa gari hupita kwa dakika chache. Watu wa Ukerewe na visiwa vingine wangali wanavuka maji. Kwa hiyo waliao mbali wasikawie nyumbani. Waende kwanza katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, nao watapelekwa mbele.

8. Shahidi apitaye eksirei

Eksirei huonyesha sarafu, betri, pini na ndoano. Haionyeshi karanga, wala haragwe, wala kipande cha plastiki, na miiba mingi ya samaki pia huifichama. Mtoto wa mwaka mmoja hawezi kusema. Basi daktari atajuaje? Atajua kwa kinywa cha yule aliyeona. Maneno machache, "Alikuwa anakula karanga, akaanguka, akapaliwa, kisha akatulia," yana thamani kuliko mashine. Daktari aliyeyasikia atalitafuta pafu lile hata kama picha haionyeshi kitu.

Lakini aliyeona mara nyingi ni mtoto, naye huogopa. Mfano wake ni huu. Msichana wa miaka 11 ameachiwa mdogo wake wa miaka miwili, mama amekwenda mwaloni kuanua dagaa. Msichana anaosha vyombo. Anapogeuka, aona saa mbovu ya baba imefunguka, betri haimo, na mtoto ajifuta mate. Moyo wamwambia, "Ukisema utachapwa, maana hukumwangalia." Akinyamaza, jioni mtoto atakataa uji na kutapika. Watu watasema ni malaria, na siku mbili zitapita kwa dawa isiyo yake, huku betri ikiunguza. Akikimbia mwaloni sasa hivi na kusema, "Mama, betri ya saa haionekani, nadhani amemeza," saa ile ile safari yaanza. Kosa la kugeuka kuosha vyombo ni dogo, na limekwisha pita. Kosa la kunyamaza ndilo kubwa, nalo bado halijatendwa.

Wazee walisema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Hapa anayeficha ni mmoja, na anayekufa ni mwingine. Kwa hiyo mzazi mwenye busara huwaambia watoto wake mapema, kabla ya siku ya hatari, kwamba aletaye habari ya namna hiyo hatachapwa. Na mlezi, ijapokuwa hana hakika, aseme. Achukue na mfano wa kile kilichomezwa, kama vile sarafu nyingine, au ile saa yenyewe, au maganda ya karanga, ili daktari aone.

9. Kujikinga

Karanga, njugu, bisi na pipi ngumu asipewe mtoto asiyefika miaka mitano. Karanga za kusagwa zilizotiwa katika mboga hazina hatari hiyo. Samaki wa mtoto achambuliwe kwa vidole, si kwa macho tu. Mtoto ale ameketi. Asile akikimbia, wala akilia, wala asichekeshwe. Mkeka ukiisha kumenyewa karanga ukung'utwe. Ndoano zikae katika mkebe wenye kifuniko, juu, na betri iliyotolewa isitupwe uani. Tena mlezi apige magoti mara moja kwa siku, atazame sakafu kwa kimo cha mdogo wake. Ataona vitu vingi ambavyo mtu aliyesimama havioni.

MASWALI

1. Eleza tofauti ya njia ya pumzi na njia ya chakula. Kwa nini mtu hawezi kumeza na kuvuta pumzi pamoja?
2. Mtoto alipaliwa na karanga, kisha akatulia. Kwa nini bado yafaa apelekwe hospitali?
3. Kwa nini betri ni mbaya kuliko sarafu, ingawa zinafanana?
4. Taja dawa tatu za nyumbani zisizofaa, na useme ubaya wa kila moja.
5. Yule msichana wa miaka 11 afanye nini? Toa sababu zako.
6. Kazi ya nyumbani: piga magoti mahali mdogo wako anapochezea. Andika orodha ya vitu ulivyoviona, kisha viondoe.